Sindano Aliyoiulizia Mama

Hotuba kwa wakunga, wauguzi na wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo, Tanga

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu, shikamooni.

Naona wakunga na wauguzi wa wodi za wazazi, naona madaktari wachache waliotoka zamu ya usiku na macho bado mekundu, na safu ile ya mbele naona kina mama, na kina baba wawili watatu, waliokuja na watoto wao mapajani. Nitasema nanyi nyote kwa pamoja. Mkunga akinisikia naeleza jambo analolijua tangu chuoni anivumilie, maana mzazi aliyekaa pembeni yake pengine hajawahi kuelezwa na mtu yeyote.

Nimefanya kazi na watoto wachanga kwa miaka 22. Kuna swali moja ambalo halijawahi kuniacha. Aliyeniuliza alikuwa mama kijana, mtoto wake wa kwanza, mwenye miezi minane. Mtoto alikuwa hajaweza kukaza shingo. Ngumi zimefumbwa, kidole gumba kimejificha ndani ya kiganja, miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi. Mama yule alikuwa akijaribu kumfungua vile vidole kimoja kimoja huku anazungumza, na kila akifungua kimoja, kingine kinajifumba. Akaniambia: "Sista, alizaliwa asubuhi amechoka, hakulia. Degedege likaanza usiku, mkamchoma sindano, likakoma. Sasa kama dawa mlikuwa nayo, kwa nini hamkumchoma asubuhi ile ile, kabla ubongo haujaharibika?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha siku ile. Nilimwambia maneno ya kumfariji, akaitikia kwa heshima, akaondoka na swali lake. Leo nataka nilijibu.

Kwanza niseme, swali lake lilikuwa la mtu mwenye akili. Madaktari na watafiti wa nchi nyingi wamejiuliza hilo hilo kwa zaidi ya miaka 40.

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula takriban asilimia 20 ya oksijeni yote. Na hauna ghala la kuihifadhi. Hewa ikikatika, seli za ubongo zinaishiwa nguvu, zinashindwa kujizuia, zinamwaga kemikali iitwayo glutameti. Glutameti kazi yake ni kuamsha seli. Ikimwagika kupita kiasi seli zinaamshwa mpaka zinaungua: milango inafunguka, kalsiamu inaingia ndani kwa wingi, na seli inaanza kujila yenyewe.

Lakini si zote zinazokufa hapo hapo, na hili ndilo nataka mzazi alielewe. Sisi wa Tanga tunaijua bahari. Maji yakipwa, unaweza kutembea mpaka mbali kwenye mchanga mtupu, ukaokota chaza, ukadhani bahari imekwenda zake. Baada ya saa kama sita maji yanarudi. Ubongo wa mtoto aliyezaliwa amechoka, yaani aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, unafanana na hivyo. Tukimpa pumzi akarudi, rangi inakuwa nzuri, moyo unapiga vizuri, zinakuja saa chache za utulivu, kwa kawaida kama saa sita. Halafu uharibifu wa pili unaingia, polepole, na unaweza kuendelea siku mbili tatu. Degedege mara nyingi linaanza hapo, siku ile ile ya kwanza.

Basi mtu akifahamu hayo, ni nani asingeuliza alichouliza yule mama? Tunazo saa sita, na tunayo dawa inayotuliza ubongo. Ubongo uliotulia unakula oksijeni kidogo, unamwaga glutameti kidogo. Tuupige ganzi kabla wimbi halijarudi!

Dawa yenyewe ni ya kale. Fenobabitoni iliingia sokoni Ujerumani mwaka 1912 kama dawa ya usingizi, na mwaka huo huo daktari kijana, Alfred Hauptmann, akaona kwamba wagonjwa wa kifafa wanaopewa dawa hiyo wanapungukiwa na kuanguka. Mpaka leo iko kwenye kabati zetu, kwa sababu ni rahisi na inafanya kazi. Ndugu yake, thiopentali, ni dawa ya usingizi wa upasuaji. Miaka ya 1970 huko Pittsburgh, Marekani, Daktari Peter Safar na wenzake waliwapa nyani thiopentali baada ya kuwakatia damu ya ubongo, wakaona wanyama wale wanapona vizuri zaidi. Matumaini yakawa makubwa. Ndipo wakajaribu kwa watu 262 waliofufuliwa baada ya moyo kusimama, wakiwa bado hawajitambui. Majibu yakatoka mwaka 1986: waliopewa na wasiopewa, hali moja.

Mwaka huo huo yalitoka pia majibu ya jaribio dogo la thiopentali kwa watoto wachanga waliozaliwa wamechoka sana. Haikuwasaidia, na shinikizo la damu likashuka kwa wengi wao. Fikirini: ubongo ulioumizwa kwa kukosa damu, halafu dawa ya kuulinda inapunguza msukumo wa damu.

Hata hivyo watu hawakukata tamaa, na walikuwa na sababu. Mwaka 1998 kule Marekani walichapisha jaribio la fenobabitoni kwa kipimo kikubwa, miligramu 40 kwa kila kilo, ikitolewa mapema kabla ya degedege. Walipowaangalia watoto 31 wakiwa na miaka mitatu, katika 15 waliopata dawa 11 walikuwa wazima. Katika 16 ambao hawakupata, wazima walikuwa 3. Nilipozisoma hesabu hizo mara ya kwanza niliinuka kwenye kiti. Kumi na mmoja na watatu! Lakini watoto 31 ni wodi moja iliyojaa kwa wiki moja. Majaribio mengine yalipokusanywa na kupimwa pamoja, kilichobaki kusimama ni kwamba degedege linapungua. Kwamba vifo vinapungua, au mtindio wa ubongo unapungua, haikuthibitika.

Na hapa lazima niseme la kwangu mwenyewe.

Nilipoanza kazi, hospitali niliyopangiwa ilikuwa na desturi: mtoto akizaliwa amechoka, anachomwa fenobabitoni hata kama hajapata degedege. Tuliiita "ya kinga". Usiku mmoja tulikuwa wauguzi wawili na watoto zaidi ya 20. Akaletwa mtoto wa kiume, analia kwa sauti nyembamba isiyokatika, anashtuka ukigusa kitanda. Nikamchoma ya kinga. Akanyamaza. Nikafurahi kweli, nikamfunika vizuri, nikaenda kumshughulikia mwingine. Niliporudi nikammulika na tochi, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Kifua kinapanda mara moja, kinakaa, nahesabu moja mpaka kumi na mbili, ndipo kinapanda tena. Nikachukua ambu, ule mfuko wa kubana wenye barakoa, nikaanza kumpa pumzi. Tulipokezana na mwenzangu mpaka kwenye adhana ya alfajiri, na wale watoto wengine 20 siku ile walikuwa wa Mungu.

Yule mtoto aliishi. Lakini mimi nilikuwa nimemtuliza mtoto aliyekosa hewa kwa dawa inayopunguza kupumua, kisha nikamgeuzia mgongo kwa sababu ametulia. Na dawa hiyo kwa mtoto mchanga haitoki upesi. Inakaa mwilini kwa siku nyingi.

Miaka michache baadaye nilikuja kusoma habari ya Kilifi, na ndugu zangu, naomba hii muishike. Kilifi, pwani ya Kenya, si mbali. Ukivuka mpaka pale Horohoro ukapita Mombasa umefika. Watafiti wa pale walikuwa wakiwaona watoto ambao malaria imepanda kichwani, wamepoteza fahamu, degedege linarudi na kurudi. Walijua kwamba mtoto anayepata degedege nyingi ndiye anayebaki na ulemavu. Hoja ikawa ile ile ya yule mama: tumchome mapema, tuulinde ubongo. Wakachukua watoto 340, nusu wakapata sindano moja ya fenobabitoni, miligramu 20 kwa kilo, nusu wakapata sindano isiyo na dawa, na waliokuwa wakiwahudumia hawakujua nani kapata nini.

Degedege lilipungua sana. Watoto waliopata degedege mara tatu au zaidi walikuwa 46 kwenye kundi lisilo na dawa, na 18 tu kwenye kundi la dawa. Kama ungekuwa muuguzi wa wodi ile ungesema dawa ni nzuri, wodi imetulia. Lakini walipohesabu waliofariki, kundi lisilo na dawa walikuwa 14, na kundi la dawa walikuwa 30.

Thelathini.

Waliosimama kupumua walikuwa wengi zaidi kwenye kundi la dawa, na hatari ya kufa ilikuwa kubwa zaidi kwa waliochomwa pia diazepamu, dawa nyingine ya kukomesha degedege, mara tatu au zaidi. Mashine za kuwapumulia hazikuwepo. Waandishi wake hawakuficha, walichapisha mwaka 2000 dunia nzima ikasoma. Nawaheshimu mno kwa hilo, maana bila wao tungeendelea kuwachoma watoto wetu kwa nia njema.

Sasa mtu ataniuliza, inawezekanaje degedege lipungue na mtoto asifaidike? Pumzi nimeshaitaja. Jambo la pili ni kwamba ubongo wa mtoto mchanga si ubongo wa mtu mzima uliofanywa mdogo. Fenobabitoni inafanya kazi kwa kukaza breki za ubongo. Kwa mtoto mchanga breki hizo hazijakomaa; kwenye baadhi ya seli, ukikanyaga breki gari linazidi kwenda. Ndiyo maana unaweza kumchoma, mikono na miguu ikaacha kucheza, lakini ukimwekea mashine ya kupima umeme wa ubongo unakuta degedege linaendelea kule ndani. Mwili umenyamaza, ubongo bado. Na kwa vitoto vya panya, watafiti wameona kwamba fenobabitoni, na dawa nyingine za kifafa kama fenitoini na valproeti, zinaweza zenyewe kuua seli za ubongo unaokua. Panya si mtoto wa mtu, nakubali. Lakini ni sababu ya kutosha ya kutochoma dawa ya kinga pasipo na la kukinga.

Hata kwa watu wazima jambo hili limerudiwa majuzi. Mwaka 2022 madaktari wa Uholanzi na Ubelgiji walitoa majibu ya wagonjwa 172 waliofufuliwa moyo, ambao mashine ilionyesha umeme wa ubongo umevurugika. Nusu wakapewa dawa za kifafa kwa nguvu zote mpaka mashine itulie. Baada ya miezi mitatu, hapakuwa na tofauti.

Wazazi, msije mkatoka hapa mkasema sista kakataza sindano ya degedege. La hasha. Mtoto akiwa na degedege lenyewe, atibiwe, na fenobabitoni ndiyo dawa ya kwanza. Mwaka 2020 ililinganishwa na dawa mpya zaidi, levetirasetamu, kwa watoto wachanga: fenobabitoni ilizima degedege kwa watoto 80 katika kila 100, ile nyingine kwa 28. Kwa hiyo ile sindano ya usiku, mama, ilikuwa ya haki. Wakunga mnajua utaratibu: pima sukari kwanza, maana sukari ikishuka degedege lake halisikii fenobabitoni, halafu miligramu 20 kwa kilo, taratibu, na ambu iwe pale kitandani, si kabatini. Na mtazame vizuri. Degedege la mtoto mchanga mara nyingi halitingishi mwili mzima. Anamumunya midomo kama ananyonya, anakodoa macho upande mmoja, anapiga miguu kama anaendesha baiskeli, au anasimama kupumua tu.

Nyumbani wako bibi zetu ambao wakiona hivyo watasema ni ndege wa usiku, na mtoto atafukizwa kinyesi cha tembo. Sitaki kuwakejeli bibi zetu, wamelea watoto wengi kwa upendo. Ila huyu mtoto tatizo lake ni hewa. Moshi unampokonya na ile kidogo aliyonayo.

Na jambo jingine kwa wazazi. Wapo watoto wanaosagiwa vidonge vya fenobabitoni nyumbani mwaka wa pili sasa kwa sababu tu walipata degedege siku ya kwanza, na hawajapata tena. Miongozo ya sasa ya kimataifa inasema, degedege lile la siku za mwanzo likishakoma, dawa isimamishwe kabla mtoto hajaruhusiwa. Msiache ghafla wenyewe, tafadhali. Rudini kliniki, ulizeni: mtoto wangu ana kifafa, au alipata degedege lile la kuzaliwa tu?

Mtasikia pia habari ya kumpoza mtoto. Ulaya na Marekani, tangu majaribio ya mwaka 2005 na 2009, mtoto aliyezaliwa amechoka anapozwa mwili mpaka nyuzi 33 au 34 kwa saa 72, akianzwa ndani ya zile saa sita, na inasaidia. Ilipojaribiwa India, Sri Lanka na Bangladesh kwa watoto 408, majibu yakatoka mwaka 2021: waliopozwa walifariki asilimia 42, wasiopozwa asilimia 31. Kwa hiyo mtu asije akaweka chupa za maji baridi kitandani hapa kwetu kwa sababu ameona kwenye simu.

Kuna dawa moja ninayotaka kuitetea leo, na inachomwa kwa mama. Magnesiamu salfeti. Mama mwenye kifafa cha mimba anapoanguka, pumzi yake inakatika, na mtoto tumboni anakatiwa hewa pamoja naye. Mwaka 1995 ilishathibitishwa kwamba magnesiamu inawashinda diazepamu na fenitoini kwa mama hao. Mwaka 2002, kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ikaonekana kwamba mwenye dalili za hatari akichomwa kabla hajaanguka, uwezekano wa kuanguka unapungua kwa zaidi ya nusu. Na mama anayekaribia kujifungua mtoto njiti akiipata, mtindio wa ubongo kwa watoto hao unapungua. Hii ni dawa ya kuzuia degedege, inatolewa mapema, na inalinda ubongo! Ndoto ya yule mama ipo, ila mlango wake ni kipimo cha presha na kikopo cha mkojo kliniki ya wajawazito. Nikisikia kituo kimekosa mashine ya presha inayofanya kazi, huwa naumia kuliko nikisikia kimekosa fenobabitoni.

Halafu ni zile dakika za mwanzo. Hapa Tanzania, hospitali nane zilifundisha wakunga wake kumpa pumzi mtoto ndani ya dakika ya kwanza: mkaushe, msugue mgongo, hajalia, mpe ambu. Majibu yalichapishwa mwaka 2013. Vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Na waliokuwa wakiandikwa "amezaliwa mfu" bila ngozi kuchubuka, yaani bila dalili ya kuwa wamefia tumboni zamani, wakapungua kwa asilimia 24. Maana yake wale hawakuwa wafu. Walikuwa wamechoka, na hakuna aliyewapa pumzi. Kule Haydom, mkoani Manyara, walikaa na saa mkononi wakapima: kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza ambu, hatari ya mtoto kufariki au kulazwa kwa muda mrefu inapanda kwa asilimia 16. Sekunde 30 ni muda wa kwenda kutafuta barakoa ya ambu chumba cha pili.

Mama, sijui kama uko ukumbini leo. Kama upo, jibu ni hili. Hukuchelewa wewe, hukurogwa, wala sindano ya asubuhi isingekurudishia alichopoteza, na ingeweza kukunyang'anya mtoto mwenyewe. Kama kulikuwa na cha kumkinga, kilikuwa kwenye kipimo cha mapigo ya moyo wake wakati wa uchungu, na kwenye mikono yetu dakika ile alipotoka. Hilo ni letu sisi. Wewe endelea kumfungua vidole kila siku kama ulivyokuwa unafanya. Mtaalamu wa mazoezi yuko pale mlangoni, ana kitambaa cha kijani, akuonyeshe na namna ya kumkalisha.

Kwenye meza ile ya nyuma kuna midoli mitano na ambu tano. Wakunga, mtasimama wawili wawili, mmoja ashike saa. Wazazi mkae pale pale muone tunavyofanya, na mkituona tunazembea mseme. Mdoli wa kwanza ameshatoka, halii. Nani anaanza?